Sumaku, karatasi ya choo na oili ya injini

Leo tuziweke tarakilishi kando kidogo, tuongee juu ya injini. Kuna swali ambalo limekuwa likinifuata kwa muda mrefu: je, ukibandika sumaku kwenye filta ya oili, au ukiongeza filta ya pili, oili itakaa safi zaidi? Na ikikaa safi, injini itadumu?

Si swali la watu wasio na kazi. Mwenye matatu au lori akifungua injini kabla ya wakati wake, hiyo ni karo ya watoto imekwenda, na pengine mkopo wa sacco unabaki pale pale. Ndiyo maana vitu hivi vina soko. Kuna bolti za sampu zenye sumaku kwenye ncha, kuna mikanda ya sumaku ya kufunga nje ya filta, na mafundi wetu wa jua kali nao hawajalala, maana wengi hung'oa sumaku ya spika kuukuu na kuipachika chini ya filta. Ukiwauliza kama inafanya kazi utapewa ushuhuda: "Mimi nimeweka miaka mitatu na injini haijanisumbua." Sawa, lakini jirani yako ambaye hakuweka naye haijamsumbua. Mimi nikikutana na mfumo nisioujua hupenda kusoma historia yake kwanza. Mara nyingi kitu kilichoongezwa kiliongezwa kwa sababu mtu fulani alilia.

Tuanze na Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, magari milioni 15 na zaidi. Haikuwa na filta ya oili. Haikuwa hata na pampu ya oili! Flaiwili lilizunguka ndani ya oili likairusha huku na huku, nyingine ikadakwa na faneli ndogo, ikapita kwenye mrija hadi mbele ya injini, kisha ikarudi nyuma kwa mteremko tu. Sasa sikia jambo la kufurahisha. Juu ya flaiwili hilo Ford aliweka sumaku 16 zenye umbo la V. Hazikuwekwa ili zisafishe oili. Zilikuwa sehemu ya magneto, mtambo wa kutoa umeme wa cheche. Lakini sumaku haijui imewekewa kazi gani, na unga wowote wa chuma uliopita karibu ulinaswa.

Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa wingi kuliko yote ya wakati wake lilikuwa na sumaku 16 ndani ya oili tangu siku ya kwanza, na bado oili hiyo ilichafuka upesi na ilibidi imwagwe mara kwa mara. Tena uchafu ukijikusanya penye kituo cha kutolea umeme wa magneto, umeme ulipotea njiani na gari likakataa kuwaka. Ukiniuliza mimi, jibu la nusu ya swali letu lilikuwa limeshapatikana kabla ya 1927.

Uchafu wenyewe ulitoka wapi? Mwingi ulitoka barabarani. Injini za zamani zilivuta hewa bila filta ya maana, na sampu yake ilipumua kupitia tundu lililo wazi. Vumbi ni mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Yeyote aliyefuata lori kwenye barabara ya murram wakati wa kiangazi anajua ninachosema. Sumaku haina habari na mchanga.

Mtu aliyeleta filta ya oili kwenye magari ni Ernest Sweetland wa Marekani. Huyu hakuwa fundi wa magari. Alikuwa ameshajulikana kwa mashine za kuchuja za viwandani, zile za kutenganisha maji na tope. Mwaka 1923 yeye na George Greenhalgh walitoa filta waliyoiita Purolator, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya oili safi baadaye. Ndani ilikuwa na kitambaa. Mwaka uliofuata, 1924, gari la kwanza la Chrysler likatoka kiwandani likiwa nayo kama kitu cha kawaida, pamoja na filta ya hewa. Hii ya hewa watu huisahau, nami nadhani ilistahili sifa sawa.

Filta ile ya kwanza ilichuja sehemu ndogo tu ya oili. Hapa pana jambo la uhandisi ambalo nalipenda sana. Ukitengeneza chujio lenye matundu madogo sana, linakamata uchafu mwingi, lakini oili inapita polepole, na likiziba injini inakosa oili na kufa kwa dakika chache. Ukitengeneza chujio lenye matundu makubwa, oili inapita vizuri, lakini uchafu nao unapita. Sweetland na wenzake walichagua matundu madogo, kisha wakaliweka chujio kwenye njia ya pembeni. Oili nyingi iliendelea na safari yake kwenda kwenye beringi bila kuchujwa, na kiasi kidogo kikachepushwa, kikachujwa sana, kikarudi kwenye sampu. Oili ikizunguka mara nyingi, mwishowe yote hupata zamu yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vilihamia njia nyingine. Oili yote ilipita kwenye filta moja yenye matundu makubwa kidogo, na pembeni kukawekwa vali ya usalama inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito kwa baridi. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja filta ya kopo, ile unayoikaza kwa mkono na kuitupa, na ndiyo tunayoijua wengi wetu. Filta hiyo hukamata vizuri chembe za mikroni 20 hadi 40 na zaidi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama mikroni 70.

Lakini utando wa oili kati ya kranki na beringi wakati injini inafanya kazi unaweza kuwa mikroni chache tu. Chembe ya mikroni 5 hadi 15 inaingia humo na kukwaruza, nayo imepita kwenye filta bila kuulizwa kitambulisho. Hili ndilo pengo ambalo wauza sumaku na wauza filta za ziada wote wanadai kuliziba. Pengo lipo kweli, hawakulizua.

Kuna wakati nilidhani hadithi hii ingeonyesha kwamba filta ni kila kitu, hadi nilipofika kwa Volkswagen. Beetle ya miaka yote ile iliyoijaza Nairobi haikuwa na filta ya oili. Ilikuwa na wavu wa waya chini ya injini, wa kuzuia takataka kubwa tu. Na gari hilo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari katika mwaka wa 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki! Siri yake haikuwa siri. Injini ilibeba lita 2.5 tu za oili, na kiwanda kilisema uimwage kila kilomita 5,000 hivi na uoshe ule wavu. Kumwaga oili huondoa uchafu wa kila aina, wa chuma na usio wa chuma, mkubwa na mdogo, pamoja na asidi na maji. Hakuna sumaku wala filta inayofanya hivyo.

Jambo jingine lilitokea kwenye dizeli. Miaka ya 1930 injini za dizeli za Caterpillar zilikuwa zikikwama ringi kwa sababu ya masizi na utomvu ulioganda. Mwaka 1935 hivi kampuni ya Standard Oil ya California ikatoa oili yenye kemikali ya kuosha, ikaiita Delo. Kemikali za aina hiyo huzishika chembe za masizi na kuziacha zielee badala ya kuganda kwenye chuma. Matokeo yake ni kwamba oili huwa nyeusi haraka. Nyeusi maana yake inafanya kazi! Hata leo utamsikia mtu akimlaumu fundi kwamba ameuziwa oili mbovu kwa sababu imekuwa nyeusi baada ya wiki moja kwenye dizeli. Chembe moja ya masizi hayo ni ndogo kuliko mikroni moja, filta ya kawaida haiigusi, na kwa kuwa ni kaboni, sumaku haiioni kabisa.

Kisha ikaja karatasi ya choo, na hapa sitanii. Katika miaka ya 1950 huko California ilianza kuuzwa filta ya Frantz, kopo la chuma ambalo ndani yake unatia mzingo mzima wa karatasi ya choo. Oili kidogo ilichepushwa na kulazimishwa kupita kwenye karatasi hiyo kwa urefu wake. Wahandisi wengi walicheka. Lakini karatasi iliyobanwa vizuri ni chujio zuri sana, na oili ilitoka ikiwa safi kwa macho. Tatizo lake lilikuwa uvumilivu, maana karatasi ilibidi ibadilishwe kila mara, na mwenye gari asiyeifuatilia alibaki na mzingo uliojaa usiochuja chochote. Ukitazama vizuri, hili ni wazo la Sweetland la 1923 limerudi kwa mlango wa nyuma. Filta nyingi za pembeni zinazouzwa leo kwa malori na jenereta zinafuata njia hiyo hiyo, huchukua kiasi kidogo cha oili, asilimia 5 hadi 10 hivi, na kukamata chembe za mikroni chache.

Haya, turudi kwa sumaku. Mjomba wangu ana lori la kubeba mahindi na mbolea, na aliwahi kuniuliza kwa nini giaboksi na difu zina sumaku kutoka kiwandani lakini injini yake haina. Swali zuri sana. Giaboksi nyingi hazina filta ya maana, na uchafu wake ni meno ya gia yanayosagana, yaani chuma kitupu. Sumaku hapo ina kazi. Kwenye injini hali ni tofauti: pistoni ni alumini, beringi ni risasi, bati, shaba au alumini, vumbi ni mchanga, masizi ni kaboni. Kinachobaki kwa sumaku ni chuma cha silinda, ringi, kranki na kemshafti. Si kidogo, lakini ni sehemu tu.

Halafu kuna hesabu, na hesabu haina huruma. Nguvu ya sumaku juu ya chembe hutegemea ujazo wake. Nguvu ya oili inayoivuta chembe iende na mkondo hutegemea upana wake. Sasa chukua chembe ya mikroni 40 uipunguze iwe ya mikroni 4. Upana umepungua mara 10, ujazo umepungua mara 1,000. Kwa hiyo mvuto wa sumaku umeshuka mara 1,000 ilhali msukumo wa oili umeshuka mara 10 tu. Chembe hiyo ndogo ni ngumu kunasa mara 100 kuliko ile kubwa. Ile kubwa ingenaswa na filta vyovyote vile. Ile ndogo, ambayo ndiyo tuliyoitafutia sumaku, ndiyo inayoponyoka. Si kwamba hakuna ndogo inayonaswa. Zile zinazopita polepole karibu kabisa na sumaku hunaswa, na ndiyo maana ukifungua bolti ya namna hiyo unakuta tope jeusi laini kama wanja. Lakini nguvu ya sumaku hupungua haraka sana ukienda mbali nayo, na sampu ni pana.

Sumaku ya nje ya filta ina shida ya ziada. Kopo la filta lenyewe ni chuma, na chuma hupenda kujibebea nguvu ya sumaku kupitia ukuta wake badala ya kuiachia iingie ndani. Nguvu fulani hupenya, hasa sumaku ikiwa kali, lakini nyingi inaishia kwenye bati. Tena kuna suala la joto. Alnico, jamii ya sumaku iliyotokana na kazi ya Tokushichi Mishima wa Japani mwaka 1931, huvumilia joto kali mno. Sumaku za neodimiamu zilizotangazwa mwaka 1983 na General Motors pamoja na Sumitomo zina nguvu nyingi zaidi kwa ukubwa ule ule, lakini zile za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi, na oili ya injini iliyochemka hupita nyuzi 90 bila shida. Ukinunua, uliza daraja lake la joto. Muuzaji asipojua unamaanisha nini, basi umeshajibiwa.

Ila sumaku ina kazi nyingine ambayo naiheshimu sana. Sisi tunaoandika programu tunaijua logi: haizuii mfumo kuharibika, ila inakuambia umeanza kuharibika wapi. Mwaka 1946 reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilianza kupima metali kwenye oili iliyotumika ya garimoshi za dizeli, na ikagundua kwamba inaweza kujua ni sehemu gani ya injini inayolika kabla haijavunjika. Kwenye ndege na helikopta huwekwa bolti ya sumaku yenye vituo viwili vya umeme. Vipande vya chuma vikijikusanya na kuviunganisha, taa inawaka mbele ya rubani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Vernon Westcott alitengeneza ferografu, kifaa kinachotumia sumaku kupanga chembe za chuma kwenye kioo kwa ukubwa wake ili zitazamwe kwa hadubini. Hakuna kati ya hawa aliyedai kusafisha oili. Waliisoma.

Na filta za ziada je? Hapa ushahidi ni mzuri zaidi. Mwaka 1988 David Staley wa AC Spark Plug, tawi la General Motors, alichapisha majaribio ya kulinganisha filta na kulika kwa injini. Ukilinganisha na filta ya mikroni 40, ile ya mikroni 30 ilipunguza kulika kwa asilimia 50, na ya mikroni 15 kwa asilimia 70. Takwimu hizi utazikuta kwenye karibu kila tangazo la filta. Kinachoachwa nje ya tangazo ni kwamba vumbi lilitiwa ndani ya injini kwa makusudi ili matokeo yaonekane upesi. Injini yako, kama filta ya hewa imekaa sawasawa na mipira haijapasuka, haili vumbi la kiasi hicho. Ikiwa inakula, tengeneza huko juu kwanza.

Mwaka 1996 jarida la Consumer Reports lilifuatilia teksi 75 za New York kwa maili 60,000 kila moja. Injini zilizomwagwa oili kila maili 3,000 na zile za kila maili 6,000 hazikutofautiana kwa maana yoyote. Teksi hizo hushinda zikiwa moto, jambo ambalo ni zuri kwa oili. Gari la kwenda dukani na kurudi lina maisha magumu zaidi.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la Maabara ya Taifa ya Idaho. Kuanzia mwaka 2002 walifunga filta za pembeni za puraDYN kwenye mabasi manane ya dizeli ya kubeba wafanyakazi, baadaye wakaongeza magari ya Chevrolet Tahoe, na ripoti ya mwisho ikatoka 2006. Filta zilibadilishwa kwa ratiba, oili ikapimwa, na haikumwagwa ila vipimo vikisema imechoka. Kwenye mabasi, sehemu kubwa sana ya umwagaji wa oili iliepukwa. Lakini soma vizuri kifaa chenyewe: kilikuwa na hita ya kuvukiza maji na mafuta yaliyoingia kwenye oili, na filta yake ilirudisha kemikali za nyongeza kidogo kidogo. Maana yake hata watengenezaji walijua kwamba kuchuja peke yake hakutoshi. Oili huchoka. Kemikali zake za kupambana na asidi huisha, na hakuna tundu dogo kiasi gani linaloweza kuzirudisha.

Kitu kingine kilichosafisha oili zetu bila mtu kukisifu ni petroli yenyewe. Hapa Kenya petroli yenye risasi iliondolewa mwishoni mwa 2005, baada ya kampeni ambayo UNEP pale Gigiri walikuwa mstari wa mbele. Tuliambiwa, kwa haki kabisa, kuhusu ubongo wa watoto. Lakini risasi hiyo ilikuwa ikiingia pia kwenye oili ya kila injini, na risasi haishikwi na sumaku.

Kwa hiyo nikitoa hukumu yangu: filta ya pembeni husafisha oili kweli, na kwa lori, basi au jenereta yenye lita 20 na zaidi za oili hesabu inaweza kulipa, mradi mwenyewe yuko tayari kupeleka oili ikapimwe maabara. Kwa gari dogo lenye lita 4, bei ya kifaa ni sawa na kumwaga oili mara nyingi sana. Sumaku hunasa chuma kidogo, haina madhara ikiwa imefungwa vizuri, na sijaona jaribio la kuaminika lililoonyesha kwamba injini ya kawaida imeishi zaidi kwa sababu yake.

Kama utainunua, inunue ile ya bolti, na iwe ya kusoma. Kila servisi ifute kwa kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni kawaida, hasa injini ikiwa mpya. Ukiona nyuzi au vipande vinavyokwaruza kidole, piga simu kwa fundi kabla ya safari nyingine. Na usiishie kwenye bolti. Chukua filta ya zamani, likate kopo lake kwa msumeno taratibu, kunjua karatasi juani uitazame. Ukikuta humo vipande vidogo vya rangi ya shaba ambavyo sumaku haikuvigusa, hizo ni beringi zako. Hapo usiwashe injini tena mpaka sampu ifunguliwe.